Afya ya Jamaa: Mashini ya miali inachoma mgonjwa ao inamponya?



Mwezi huu tunaweka pembeni kwanza mazungumzo yetu juu ya malaria. Sababu ni barua. Kijana mmoja wa Likasi anaandika kwamba mama yake, mwenye miaka 52, alianza kutoka damu tena, hali siku zake zilikwisha zamani. Munganga alikata kipande kidogo, kikaenda laboratwari, na jibu likarudi: kansere ya mlango wa tumbo la uzazi. Kumpasua haiwezekani tena, kwa kuwa kansere imekwisha kupita ule mlango. Inapaswa aende kwa ma-reyo, ni kusema miali, ile ambayo vitabu vingine vinaita mionzi. Jamaa ikakutana. Mjomba mkubwa akakata maneno: « Kule batamuchoma na moto ya iranium. Bale balienda, nani alirudia? Aache akufie kwake. » Kijana anatuuliza: mjomba anasema kweli?

Kijana yetu, mjomba ni mkubwa, usimjibu kwa kelele. Tena hasemi mambo bure. Kati ya maneno yake kuna kitu kimoja cha kweli, na sisi watu wa Katanga tunakijua kuliko wengine: kuna mawe yanayotoa miali, na miali ile inaweza kuharibu mwili. Lakini mama yako anaitiwa kitu kingine, na kwa sababu siku zinapita, tutaeleza pole pole lakini pasipo kuzunguka.

Tuanze na jiwe lenyewe, maana habari hii ilianza Ulaya ikapitia kwetu. Mu mwaka wa 1895, mjuzi mmoja wa Ujerumani jina lake Röntgen aligundua miali inayopita mu nyama ya mtu na kuonyesha mifupa. Ile njo miali ya picha ya « radio » ambayo wengi wenu mmekwisha kupigwa kifuani, zaidi sana ninyi wafanyakazi wa mgodi. Miaka mitatu kiisha, mu 1898, Marie Curie na bwana yake Pierre Curie, kule Paris, walipata ndani ya jiwe la iranium kitu kingine chenye nguvu mara nyingi zaidi, wakakiita radiumu. Pierre alifunga radiumu kidogo juu ya mkono wake mwenyewe kwa masaa machache. Ngozi ikawa nyekundu, ikatoboka, na kidonda kikachukua zaidi ya mwezi kupona. Mwingine angetupa ile chupa. Wao wakawaza hivi: kitu kinachoua ngozi nzima, je, hakiwezi kuua uvimbe wa kansere? Waganga wakajaribu, na uvimbe mwingine ukanywea.

Lakini radiumu ilikuwa haba sana. Gramu 1 ya radiumu inapatikana mu tani 3 hivi za iranium. Mu 1921 wanawake wa Marekani walichanga feza ili wampe Marie Curie gramu 1 tu, na bei yake ilikuwa dola 100 000. Kumbe mu 1915 jiwe la iranium lilikuwa limekwisha kuonekana Shinkolobwe, karibu na Likasi, na lilikuwa na utajiri kupita mawe yote yaliyojulikana wakati ule. Union Minière ikalichimba, ikalipakia mu treni na mu mashua mpaka Ubelgiji, na tangu mwaka wa 1922 kiwanda cha Olen kikatoa radiumu. Bei ikashuka. Kwa miaka kama kumi hivi, radiumu nyingi ya dunia ilikuwa ya Katanga. Mama wa Ulaya mwenye ugonjwa kama wa mama huyu wa Likasi alikuwa anatiwa mirija midogo yenye radiumu ndani ya tumbo la uzazi, na wengine walipona. Wazee wetu waliolichimba lile jiwe kwa mikono hawakuambiwa ni la nini. Si ajabu kwamba leo wajukuu wao wanajua upande mmoja tu wa habari, ule wa bomu la Hiroshima la 1945, na hawajui upande wa dawa.

Hapa inatupasa kusema neno moja kwa nguvu. Kuna watu wanaowaza: kama radiumu inaponya, basi nitaweka jiwe la Shinkolobwe juu ya uvimbe. Hapana, hata kidogo. Jiwe lile halina kipimo, linatapanya miali kila upande, vumbi lake linaingia kwa kinywa na kwa pua, na hewa inayotoka ndani yake inaleta kansere ya mapafu kwa wachimbaji. Hilo limejulikana wazi mu migodi ya iranium ya inchi nyingi. Yeye Marie Curie alikufa mu 1934 kwa ugonjwa wa damu, na waganga wengi wanaona ni miali aliyoishi nayo miaka mingi njo ilimwua. Msiweke jiwe la namna ile mu nyumba, hata kwa kuonyesha wageni.

Sasa, mama huyu hatatiwa radiumu. Radiumu iliachwa zamani. Mashini za leo ni za namna mbili. Ya kwanza tunaiita mashini ya kobalti, na hapa ndugu zetu wa Kolwezi wanashtuka: « Kobalti ile yetu? » Ni jamaa yake. Kobalti mnayoichimba, ile inayoingia mu betri za telefone na za motokari, yenyewe haitoi miali (ijapo mu mashimo mengine mawe yake yanachanganyika na iranium kidogo). Ili ifanye kazi ya hospitali inapaswa kuwekwa kwanza mu tanuru ya atomu kwa muda mrefu. Inatoka kule ikiwa imegeuka, wanaiita kobalti 60, nayo inatoa miali yenye nguvu. Wagonjwa wa kwanza kutibiwa nayo walikuwa wa Kanada, mu 1951. Kipande chake ni kidogo, kinafungwa ndani ya kichwa kizito cha risasi, na kinafunguliwa kadirisha kadogo kwa dakika chache tu. Nguvu yake inapungua nusu kila miaka 5 na miezi 3 hivi. Kwa hiyo mashini ikizeeka mgonjwa analala chini yake dakika nyingi zaidi ili apate kipimo kile kile. Watu wanasema « mashini imechoka », na hawakosei sana. Mashini ya namna ya pili haina jiwe lo lote ndani. Inafanya miali kwa nguvu ya umeme, kama mashini ya radio lakini yenye nguvu zaidi, na umeme ukikatika hakuna mwali hata mmoja.

Ginsi gani miali inaua kansere na kumwacha mtu? Mwili wetu ni chembe ndogo nyingi. Ndani ya kila chembe kuna uzi unaobeba amri za kazi yake. Miali inakata ule uzi. Chembe nzuri inajua kujishona, inahitaji tu masaa kadhaa ya kupumzika. Chembe ya kansere inakimbilia kuzaana, kushona haijui vizuri, nayo inakufa wakati wa kujigawa. Ninyi mnaofanya kazi ya baruti mu shimo mtaelewa upesi. Mkitaka kupasua mwamba pasipo kuangusha nguzo zinazobeba paa, hamtii baruti yote mara moja. Mnatoboa matundu, mnapima, mnapasua kidogo, mnatazama, na kesho tena. Kwa kansere ya mlango wa uzazi, mara nyingi miali inatolewa mara 25 hivi, siku 5 kwa juma, Posho na Mungu mgonjwa anapumzika. Kipimo cha miali kinaitwa Gray. Mwili mzima ukipigwa Gray 5 kwa siku moja, mtu anaweza kufa. Mama huyu atapata Gray 45 ao 50, lakini zimegawanywa kwa majuma matano, tena mahali padogo tu pa tumbo. Mjomba akisikia hesabu hii ataona tofauti kati ya bomu na dawa.

Sasa tumfuate mgonjwa mpaka ndani. Siku ya kwanza hawamtibu. Wanampiga picha, wanapima, wanaandika alama juu ya ngozi kwa wino. Mama, zile alama usizifute kwa sabuni, hata kama zinakupa haya mbele ya wenzako. Zikipotea, mwali utakosa mahali pake. Halafu siku ya matibabu analala juu ya meza ngumu, ndani ya chumba chenye kuta nene sana za beto. Wafanyakazi wanatoka na mlango unafungwa. Hapa wengi wanaogopa: « Kama ni dawa, mbona wao wanakimbia? » Wanakimbia kwa sababu yeye anapokea mara 25 na atakwenda kwake, lakini wao wako pale kila siku, miaka 20 ao 30. Wanamtazama kwa kamera, wanamsikia akiita. Hakuna moto. Hakuna maumivu. Anasikia mlio wa mashini, dakika chache, basi.

Kwa ugonjwa huu kuna hatua ingine ambayo mara nyingi haielezwi mapema, na mama anashtuka akiwa amekwisha kufika. Kiisha miali ya inje, wanatia mrija kwa njia ya kike mpaka karibu na uvimbe, na ndani ya mrija wanapitisha kipande kidogo sana chenye miali, kisha wanakitoa. Ni jambo la aibu, tunakubali, na linaweza kuuma. Aombe dawa ya maumivu mbele hawajaanza. Lakini pasipo hatua ile kazi imebaki nusu. Na mara nyingi, siku moja kwa juma, wanaongeza dawa ya serumu inayosaidia miali. Kansere iliyopita mlango lakini haijafika mbali inaweza kupona kwa njia hii. Hatusemi kila mtu. Tunasema wengi kuliko mjomba anavyowaza.

Mbona basi tunaona wasiorudi? Sababu ya kwanza, wanakwenda wakichelewa, kiisha kupitia kwa waombezi watatu, kwa mfumu, na kwa muuza dawa wa soko, kansere ikiwa imekwisha kufika mu maini ao mu mifupa. Mtu wa namna ile anapewa miali mara moja ao mara chache tu, ili maumivu ya mifupa yapungue apate kulala usiku. Kiisha miezi anakufa, na kijiji kinasema mashini imemwua. Ya pili inatuhuzunisha zaidi: aliyepona hasemi. Mama gani atasimama mu soko la Kenya kutangaza kwamba alitibiwa kansere pahali pale? Anarudi, anauza mboga zake, ananyamaza. Wafu wanahesabiwa, wazima hapana.

Sasa mambo ya nyumbani, maana barua nyingi zinatuuliza hapo. Aliyepigwa miali ya inje haibebi. Akitoka mu chumba kile hana miali ndani yake, sawa vile mtu aliyepigwa picha ya radio. Alale na wajukuu, ale mu sahani moja na wengine, aweke kitoto juu ya mapaja yake. Na aliyewekewa mrija, ukikwisha kutolewa hana kitu kilichobaki. Nywele za kichwa zinaanguka kwa yule anayepigwa miali kichwani. Wa tumboni anabaki na nywele zake. Lakini kuna taabu nyingine, na tusizifiche. Mama atachoka, uchovu usio wa uvivu, jamaa impokonye ndoo na mtwango. Ataharisha, na mkojo utamchoma. Anywe maji mengi na kumwambia infirmye, dawa ziko. Ngozi ya mahali pale itakuwa nyeusi na kavu. Asipakae marasi, wala mafuta ya kubadili rangi, wala majani ya kukanda, wala asichanjwe. Mwanamke ambaye siku zake hazijakwisha, zitakwisha, na mimba haitapatikana tena. Hilo bwana na bibi walijue mbele, wakiwa wawili mbele ya munganga. Njia ya kike pia inaweza kukazana. Kuna namna ya kuitunza, na mama asione haya kuuliza. Bwana naye avumilie. Tumesikia mabwana wanaofukuza bibi kiisha miali kwa kusema « amekuwa iranium ». Bwana wa namna ile anajua atomu kidogo sana, na ndoa kidogo zaidi.

Jambo moja tunalokazia: kazi yote, ya inje na ya ndani, inapaswa kwisha ndani ya majuma 8. Kila juma linalopotea linaipa kansere nafasi ya kuota tena. Kwa hiyo jamaa msimwite mama arudi katikati kwa sababu ya matanga, ao ya mavuno, ao kwa kuwa « amekwisha kupata nafuu ». Damu ikikatika kiisha juma la pili, haijawa kupona.

Wapi kwenda? Kwa miaka mingi watu wa Katanga wenye kuhitaji miali, wale waliopata feza, walivuka Kasumbalesa kwenda Lusaka, ambako hospitali ya kansere ilifunguliwa mu 2007, ao wakafika Afrika ya Kusini ao India. Upande wa mashariki iko Ocean Road ya Dar es Salaam, na kule Kigali miali ilianza mu 2019. Lakini mbele ya kuuza kiwanja ili mpate nauli, pigeni telefone ao mtume munganga wenu aulize: mashini inatembea? Hatusemi hivi kwa kutia woga. Mu Uganda inchi nzima ilikuwa na mashini moja ya kobalti, iliyowekwa mu 1995. Ikavunjika mu 2016, na ingine haikuanza kazi mpaka mwanzo wa 2018. Wagonjwa waliosafiri siku mbili walikuta mlango umefungwa. Mashini hizi zinahitaji fundi, vipande, na feza kila mwaka, kama vile pampu ya maji ya mgodi: kuinunua siku ya sherehe ni kazi rahisi kuliko kuitunza.

Neno la kando, kwa vijana wetu wanaookota mitrai ya kuuza. Mu mji wa Goiânia, kule Brezili, mu mwaka wa 1987, watu wawili waliingia mu hospitali ya miali iliyoachwa, wakabeba kichwa cha mashini ya zamani kwa ajili ya chuma chake, wakakiuza. Ndani mlikuwa unga unaong'aa bluu mu giza. Watu wakafurahi, wakagawana, watoto wakaupakaa mwilini. Watu 4 wakafa, mmoja wao mtoto wa kike wa miaka 6, na watu 249 kwa jumla wakakutwa na ule unga juu yao ao ndani yao. Mkiona chuma kizito kuliko ukubwa wake, chenye alama ya majani matatu meusi juu ya rangi ya manjano, msikipige nyundo, msikipandishe mu kinga. Sogeeni mbali, mwite wenye mamlaka. Mashini ndani ya hospitali yenye walinzi ni dawa. Ile ile mu kiwanja cha mitrai ni kifo.

Kwa akina mama ambao bado hawajaumwa: damu kiisha kulala na bwana, damu kiisha siku kukatika kabisa, maji yenye harufu mbaya, msizingojee zikwishe. Kipimo cha mlango wa uzazi kwa vinegre ni cha dakika chache, hakina kisu. Kansere inayokutwa mapema kabisa haihitaji hata safari hii yote.

Na wewe kijana wa Likasi, mwombe munganga akueleze mbele ya mjomba, mdomo kwa mdomo, maana gazeti halijibu swali la pili. Mjomba akubali ao akatae, anayeumwa ni mama: yeye mwenyewe aulizwe anataka nini, maana mu barua yako yote hukuandika neno alilosema. Mkichagua safari, chagueni mtu mmoja wa kumsindikiza kwa majuma yote, dada ao binti, si watu watatu wa kupokezana. Mbebe karatasi ya laboratwari, ile yenye jibu la kipande, pamoja na picha zote na damu ya mwisho. Zitiwe mu plastiki, zisikunjwe, na kopi moja ibaki nyumbani. Pasipo karatasi ile wataanza kipimo upya, na majuma yatapotea mama akiwa amekaa tu mu nyumba ya kupanga.